Bosi Akifa, Zima Mashine Kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Arusha aliniandikia saa tano usiku. Mzee aliyeanzisha kampuni yao amefariki, yeye ndiye ofisa utawala, na wakubwa wanataka asubuhi awapelekee "mpango wa kumuenzi". Kaka, nianzie wapi? Nilimjibu mistari miwili, kisha usingizi ukapotea. Kazi hiyo niliwahi kupewa mimi, nikaiharibu.

Nilikuwa ofisa utawala wa kiwanda cha uchapaji hapa Dar. Mwanzilishi tulimwita Mzee tu. Alianza na mashine moja ya mtumba, na hadi anaondoka alikuwa akipita karakana, anashika karatasi kwa vidole viwili na kukwambia gramu zake bila kupima. Alifariki alfajiri. Saa mbili asubuhi mimi niko kwenye kompyuta na kijana wa usanifu, tunabishana: bango liwe jeusi au buluu ya kampuni? Picha ya suti au ya kanzu? Mtu wa masoko akataka chini ziwekwe namba za simu na maneno "Huduma zinaendelea kama kawaida". Nikakubali. Tena niliona ni busara!

Mzee alikuwa Mwislamu. Aliswaliwa adhuhuri. Tulipofika makaburi ya Kisutu na bango letu la mita tatu, watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi. Mlinzi wetu wa usiku, aliyetoka zamu asubuhi akapanda daladala moja kwa moja hadi msibani, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Akanitazama, akalitazama bango, akasema taratibu, "Likunjeni, bosi."

Bado nalisikia.

Nilichokuwa nacho kichwani ni misiba ya wakubwa. Mwaka 2019 Ruge Mutahaba wa kampuni ya utangazaji ya Clouds alifariki Februari 26, akazikwa Bukoba Machi 4. Reginald Mengi, mwenye kampuni za IPP, alifariki Dubai Mei 2, akazikwa Machame Mei 9. Hapo kuna siku za kuunda kamati, kuandaa ukumbi wa Karimjee, kupanga nani azungumze. Sisi tulikuwa na saa chache, nikazimalizia kwenye rangi.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kumsikiliza mkurugenzi nenda kwa familia. Msiba una wenyewe. Kaa kwenye mkeka, uliza anazikwa lini na wapi, uliza kama turubai na maji vipo. Mashine zizimwe. Watu wote wapate usafiri, na wote maana yake ni pamoja na mama wa chai na kibarua wa wiki iliyopita.

Na tangazo lisiuze kitu. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple, alipofariki Oktoba 5, 2011, tovuti ya Apple iliweka picha yake moja isiyo na rangi, jina, na miaka, 1955–2011. Basi. Wiki mbili baadaye wakafunga maduka yao ya Marekani kwa saa kadhaa ili wafanyakazi wafuatilie kumbukumbu yake. Hao wanajua kuuza kuliko mimi na wewe.

Mambo ya benki na BRELA, wanaosajili kampuni, nayaruka, yanachosha. Ila ninyi wengine, kama mwenye kusaini hundi ni mtu mmoja, ongezeni wa pili leo, yeye angali hai. Sisi mshahara ulichelewa wiki tatu. Watu walilia mara mbili.

Nilijikomboa kwenye arobaini, na hili nalisema kwa kifua mbele. Nilipokuwa napanga meza ya Mzee nilikuta kaunta buku kuukuu lenye orodha ya kazi alizochapa bure: mitihani ya shule ya msingi ya jirani, juzuu za madrasa, matangazo ya misiba ya watu wasio na uwezo. Mapato ya kazi hizo ni sifuri, ukurasa hadi ukurasa. Nikaandika barua kwa uongozi: kila jina lililomo humu liendelee kuchapiwa bure. Wakakubali. Siku ya hitma, mbele ya masinia ya pilau, mkurugenzi mpya akamshukuru mtu wa masoko kwa "wazo hilo zuri". Nikala pilau yangu kimya. Sijasahau.

Lakini mitihani inachapwa hadi leo, wakati picha kubwa ya Mzee waliyoitundika mapokezi ina vumbi hata miwani yake haionekani vizuri. Ndugu zangu mnaoongoza kampuni, mnapenda mno fremu! Tafuteni marehemu alikuwa anamfanyia nani nini pale ambapo hamkuwa mnamtazama, mkaendeleze hilo.

Leo asubuhi dada wa Arusha amenijibu. Mazishi ni kesho. Kosta iliyopatikana ni moja na wafanyakazi ni 41. Fedha nyingine imetengwa kwa bango. Nimempigia simu akatafute kosta ya pili.