Je, mjusi mwenye kichwa chekundu ukutani ni iguana?

SWALI: Kwenye ukuta wa mawe wa ploti yetu hapa Lang'ata huota jua mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye kila akimwona mwenzake huinua na kushusha kichwa mara kadhaa. Jirani yangu anashikilia kwamba ni mtoto wa iguana aliyetoroka kwa mtu. Mimi nasema ni mjusi wa hapa hapa. Tena, kama Afrika haina iguana, mbona nasikia Madagaska wapo jamaa zao? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Ndugu msomaji, haki iko upande wako. Unayemweleza ni dume la agama wa miambani, Agama lionotus, mwenyeji kamili wa Kenya. Jike wake ana rangi ya udongo yenye mabaka, na bila shaka hupita hapo ukutani bila ninyi kumtambua. Dume aliyekomaa hufikia takriban sentimita 30 pamoja na mkia, ilhali iguana wa kijani wa Amerika ya Kati na Kusini huweza kupita mita 1.5. Hata hivyo, kosa la jirani yako lina msingi, kwa sababu agama, kinyonga na iguana ni wa kundi moja kubwa ambalo wataalamu huliita Iguania, na kule kuinua kichwa ili kutangaza eneo lake, iguana naye hufanya vivyo hivyo.

Tofauti iliyo ya kuaminika kuliko rangi na ukubwa imo mdomoni. Meno ya iguana yamebandikwa ubavuni mwa taya, upande wa ndani, na kila jino likichakaa huchipuka jingine la kulirithi, maisha yote ya mnyama. Meno ya agama, isipokuwa machache ya mbele, yameungana na mfupa juu kabisa ya ukingo wa taya na hayabadilishwi. Yakilika, yamelika, na kwa agama mzee utakuta ukingo wa taya wenyewe umesagika ukawa laini, naye anaendelea kuutafunia wadudu. Kinyonga ana meno ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo, ingawa kwa macho agama hufanana zaidi na iguana, ndugu yake wa karibu ni yule kinyonga mwenye pembe tatu anayepatikana katika nyua za miti za Nairobi, ambaye watu wengi humwogopa na kumpiga mawe bila sababu yoyote, jambo linalonihuzunisha kila ninapolisikia.

Chakula nacho kinaeleza mengi. Agama wenu anawinda, na sisimizi na mchwa ni sehemu kubwa ya mlo wake. Iguana wa kijani hula majani, na meno yake bapa yenye kingo za msumeno huyakata tu bila kuyasaga, kisha kazi yote huachiwa utumbo mpana, ambao umegawanywa kwa kuta za ndani zinazochelewesha chakula ili bakteria wapate muda wa kukichachusha. Kifaranga wa iguana hatoki katika yai akiwa na bakteria hao. Huwapata kwa kula kinyesi cha wakubwa katika wiki zake za kwanza. Ni utaratibu unaoweza kuchukiza, lakini bila huo majani yangepita tumboni bila faida kubwa.

Kuhusu Madagaska, umesikia kweli. Huko wapo mijusi wa familia ya Opluridae wenye meno ya ubavuni kama ya iguana, na mmoja wao anaishi pia Ngazija katika visiwa vya Komoro. Agama hawako Madagaska kabisa, na kwenye miamba ambako hapa ungemkuta agama, kule utamkuta Oplurus. Wako watafiti wanaosema kwamba wazee wao walikuwapo tangu mabara ya kusini yalipokuwa yameshikana, na wako wanaosema kwamba walivuka bahari juu ya magogo. Safari za namna hiyo zimeshuhudiwa: mwaka 1995, baada ya tufani mbili kupiga visiwa vya Karibi, iguana wa kijani wasiopungua 15 walifika kisiwani Anguilla juu ya rundo la miti iliyong'olewa, mahali ambapo hawakuwapo kabla. Iguana wa visiwa vya Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, wako mbali zaidi, kwani jamaa zao wa karibu wako Amerika ya Kaskazini, zaidi ya kilomita 8,000.

Ushahidi wetu wenyewe wa safari kama hizo unatoka kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Viktoria. Fuvu la kinyonga lililopatikana huko, lenye umri wa miaka milioni 18 hivi, lilitambuliwa mwaka 2020 kuwa la jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) ya Calumma, ambayo leo huishi Madagaska peke yake. Kwa hiyo vinyonga hao walikuwapo bara kabla ya kutoweka huku, na uwezekano mkubwa ni kwamba walitoka Afrika kwenda kisiwani kwa maji.

Ikiwa jirani bado ana shaka, msimkamate mjusi wala kumfunua mdomo. Mtazameni kwa ubavu kutoka mbali kidogo: iguana wa kijani ana gamba moja kubwa la mviringo chini ya sikio, pana kama sarafu, na ngozi inayoning'inia chini ya kidevu. Agama wenu hana gamba hilo.