Tiketi Mbili Nafuu za Kwenda Barcelona: Je, Nizilipie?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu, mkazi wa Tanga. Ninapanga kumpeleka mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua, matembezini Barcelona mwezi Agosti. Mtandaoni nimeona tiketi mbili zinazouzwa kila moja peke yake: ya kwanza ni ya Dar es Salaam hadi Istanbul kwa Turkish Airlines, na ya pili, ya shirika jingine, inaanzia uwanja wa Sabiha Gökçen hadi Barcelona. Zikijumlishwa ni nafuu kuliko tiketi moja ya safari nzima, ila ukishalipa hurudishiwi fedha. Viza bado hatujaomba. Je, nizilipie sasa kabla bei haijapanda?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usizilipie. Najua ni vigumu kuiacha bei nzuri ipite, lakini unafuu huo unaweza kuwakosesha safari yenyewe.

Tatizo kubwa liko Istanbul. Ndege yenu ya kwanza itatua Uwanja wa Istanbul, upande wa Ulaya, ilhali Sabiha Gökçen uko upande wa Asia, ng'ambo ya mlangobahari wa Bosporus. Kwa kuwa tiketi hazikuunganishwa, mtalazimika kupita uhamiaji, kuchukua mabegi kwenye mkanda, kuvuka jiji lenye foleni ndefu za magari, kisha kukabidhi mizigo upya kwenye kaunta ya shirika la pili, yote hayo na mama mwenye magoti mabovu. Kupita uhamiaji ni kuingia Uturuki, na Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida huhitaji viza ya nchi hiyo. Mkichelewa, shirika la pili halitawajibika kuwatafutia ndege nyingine, na aghalabu hata tiketi ya kurudi hufutwa abiria asipotokea kwenye ndege ya kwenda.

Katika tiketi moja ya safari nzima, kwa kawaida mizigo huandikiwa Barcelona tangu Dar es Salaam, na ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kuwafikisha. Tiketi za namna hiyo zipo kupitia Istanbul kwenyewe, Doha, Dubai au Amsterdam. Mkipitia Amsterdam, ukaguzi wa kuingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Hispania ikiwemo, utafanyika huko huko, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa kusajili wasafiri kwa picha na alama za vidole umeanza kutumika mipakani, hivyo chagueni ndege zinazopishana kwa saa tatu hivi. Kwa mama yako ningependelea Doha au Istanbul, ambako mtabadili ndege ndani ya uwanja uleule, na ukaguzi wa Schengen mtaufanyia Barcelona mkiwa hamna ndege ya kuwahi. Angalieni pia msimbo wa uwanja kwenye tiketi: BCN ni El Prat, jirani kabisa na jiji, lakini GRO ni Girona, takriban kilomita 90 kutoka Barcelona.

Kuhusu viza, ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na kwa kawaida lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi nao huchukua siku 15, ingawa waweza kufika hata 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Schengen. Kwa maombi, pelekeni uthibitisho wa nafasi zilizohifadhiwa kwenye ndege, na fedha ya tiketi mlipe viza zikishatoka.

Agosti nayo naomba muifikirie upya. Ni mwezi wa joto kali na msongamano, tena bei za malazi huwa juu, wakati bahari bado ina uvuguvugu hata mwishoni mwa Septemba. Mkiepuka siku zinazoizunguka tarehe 24 Septemba, sikukuu ya La Mercè, mtapata vyumba kwa urahisi zaidi.

Mnapokata tiketi, ombeni kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama, au mlijulishe shirika angalau saa 48 kabla ya kuruka. Katika viwanja vya Umoja wa Ulaya huduma hiyo hutolewa bila malipo. Tiketi za Sagrada Família, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1882, nunueni mapema mtandaoni kwa sababu huuzwa kwa saa maalumu. Bustani ya Park Güell iko kilimani na ina ngazi nyingi, kwa hiyo badala yake mpelekeni mama ufukweni Barceloneta, ambako njia ni tambarare na viti vya kupumzikia vinaitazama bahari.