Warzone 2100 ni bure kihalali, si ya wizi

Umeuliza kama Warzone 2100, gemu ya mikakati ya vita, ni ya wizi kwa kuwa inapatikana bure, na ilipokelewaje. Hapana mkuu, si ya wizi. Gemu hiyo ilitoka 1999, ikatengenezwa na Pumpkin Studios ya Uingereza na kuuzwa na kampuni ya Eidos kwa kompyuta na PlayStation. Studio ilifungwa mapema, na Desemba 2004 msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) ukaachiwa chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Video na muziki wa asili vilibaki nyuma mpaka 2008, leseni ilipofafanuliwa. Tangu hapo wanaoiendeleza ni watu wa kujitolea, kwa hiyo pakua kwenye tovuti ya mradi wenyewe na uwe na amani.

Kuhusu kupokelewa: toleo la kompyuta lilisifiwa, hasa kwa kujiundia magari. Unachagua bodi ya gari, matairi au minyororo kama ya kifaru, halafu silaha. Unaanza na kigari cha Viper chenye bunduki ya rashasha, baadaye unamiliki vifaru vya maana. Kwangu utamu uko kwenye mizinga ya mbali: unaiunganisha na mnara wa kihisi, inapiga chochote mnara unachokiona, hata kama mizinga yenyewe imejificha nyuma ya kilima. Adui naye anaweza kukufanyia hivyohivyo, jihadhari.

Ila ujue misheni nyingi za kampeni (sehemu ya hadithi, unayocheza hatua kwa hatua) zina saa inayohesabu kurudi nyuma. Ukizoea kujenga ngome taratibu, itakukera. Anza na mapambano ya ramani moja dhidi ya kompyuta, huko hakuna saa inayokukimbiza.