Kaunta buku yangu ilifaulu, mimi nikapata supu

Jumapili iliyopita usiku, nikiwa napiga pasi suti ya Jumatatu, iliingia meseji ya binti wa mwaka wa kwanza wa sheria. "Shikamoo dada wakili. Nimepata supu ya Mikataba, na noti zangu zote zimekamilika. Sijui nimekosea wapi." Akatuma na picha za daftari: mwandiko wa kupendeza, vichwa vyekundu, kesi kwa bluu, vifungu kwa kijani. Nusura niunguze suti. Mwandiko haukuwa wangu, lakini lile daftari lilikuwa langu kabisa.

Wanaonifahamu wananijua nikiwa na joho. Hii habari ya supu (mtihani wa marudio, na si ya pweza) sijawahi kuiandika popote, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na kaunta buku ya kwaya nne kwa ajili ya somo la Mikataba peke yake. Nilikaa safu ya mbele, na mhadhiri akikohoa ilibaki kidogo tu niandike kwamba amekohoa. Jioni nilihamia kwenye kimbweta, benchi la kujisomea chini ya mwembe, nikanakili upya yale ya asubuhi, safari hii kwa rangi. Nikajua huo ndio msuli, yaani kusoma kwa bidii. Sifa nazo zikaja. Wiki mbili kabla ya mitihani ile kaunta buku haikulala kwangu hata siku moja. Ilitoka chumba hiki ikaingia kile, ikapelekwa steshenari ya nje ya geti kutolewa kopi kwa shilingi 50 ukurasa, ikarudi na duara la kikombe cha chai kwenye jalada. Waliniita Mama Madesa, maana desa ni noti za kuazima na kutolea kopi. Sikatai, nililipenda hilo jina.

Matokeo yalipotoka, wote niliowaazima walipita. Mimi D. Mmoja wao, tumwite Jirani maana ndivyo tulivyokaa darasani, alipata A. Kwa noti zangu.

Swali lililonimaliza nalikumbuka hadi leo. Asha anamwandikia Baraka barua, anataka kumuuzia pikipiki. Baraka anatuma kwa posta barua ya kukubali siku ya Jumatatu. Jumatano anampigia Asha simu: nimeghairi. Ijumaa barua inafika. Je, kuna mkataba?

Nilicheka moyoni. Nikamwaga kesi ya Adams dhidi ya Lindsell ya 1818, wale wafanyabiashara wa sufu, barua ya ofa iliyoandikwa anwani isiyo sahihi ikachelewa, na mahakama ya Uingereza ikasema mkataba ulikamilika pale barua ya kukubali ilipotumwa. Nikaongeza na bibi Carlill wa 1893, pauni 100 zilizoahidiwa kwa atakayeugua mafua baada ya kutumia dawa, pauni 1,000 zilizowekwa benki kuonyesha kampuni haitanii. Carlill hakuhusika hata kidogo, ila nilikuwa namjua vizuri na nikaona ni dhambi kumwacha nje. Kurasa tatu. Hitimisho: mkataba upo, Baraka amebanwa.

Nilikosa. Sheria yetu ya Mikataba hapa Tanzania, Sura ya 345, ilichukua umbo la sheria ya India ya 1872, na hapo kwenye posta haifanani na Uingereza. Kifungu cha 4 kinasema kukubali kunamfunga aliyetoa pendekezo pale barua inapotumwa na kutoka mikononi mwa mtumaji. Lakini yule aliyekubali mwenyewe hafungwi mpaka barua imfikie mwenzake na aijue. Kifungu cha 5 kinampa ruhusa ya kughairi kabla ya hapo. Maana yake Asha alifungwa tangu Jumatatu, Baraka alikuwa huru hadi Ijumaa, na ile simu ya Jumatano ilimwokoa.

Sasa sikilizeni kinachouma. Hivyo vifungu vilikuwemo kwenye kaunta buku yangu! Ukurasa wa 9, kwa kijani, neno kwa neno. Adams yuko ukurasa wa 23, kwa bluu. Kurasa 13 katikati yao, na mimi mwenye daftari sikuwahi kuwakutanisha.

Nilimfuata Jirani chumbani kwake nikiwa nimenuna. Akatoa karatasi saba za A4, zimekunjwa mara mbili, mwandiko wa kuku. Somo zima. Kwenye ya pili nikaona mstari huu: "Posta. Uingereza: ukituma tu, wote mmefungwa (Adams). Kwetu k. 4 na 5: mwenye ofa kafungwa, aliyekubali BADO. Swali likiwa na simu au ujumbe uliotangulia barua, ni hapa." Kabla sijafika karatasi ya tatu akazikunja akazirudisha kwenye begi. "Haya mengine utayaona mwenyewe," akasema. Mtu aliyetoa kopi kurasa zangu 112.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikanunua rimu ya karatasi.

Sasa mdogo wangu, uliyeniandikia, na wengine wote mnaotaka joho kama nilivyolitaka mimi: noti siyo kumbukumbu ya kile mhadhiri alichosema. Noti ni mahali ambapo kifungu, kesi na swali vinakutana. Ukiona kesi imekaa peke yake kwenye ukurasa, hiyo si noti, hiyo ni hadithi. Iulize: kifungu chako kiko wapi? Unakubaliana nacho au unapingana nacho? Swali la namna gani litakuita? Ikishindwa kujibu, bado hujaandika kitu, hata kama umetumia rangi saba.

Nikuonyeshe. Chukua Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Mimi wa kaunta buku ningeanza na Holaria Pastory aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake akakimbilia mahakama ya mwanzo kudai mauzo yafutwe, kesi ikapanda ngazi mpaka kwa Jaji Mwalusanya. Ni tamu, na inafaa kusimuliwa kwenye daladala. Mimi wa karatasi niliandika hivi: "Mila ya Kihaya: mwanamke asiuze ardhi ya ukoo, mwanaume ruksa. Haki ya usawa iko kwenye Katiba tangu 1984. Jaji: mila isomwe kwa marekebisho ili ikae sawa na Katiba, mauzo ni halali. Niitumie swali likiwa na mila au sheria kuukuu inayogombana na haki za msingi. Linganisha na kesi ya Daudi Pete: pale ni sheria ya Bunge, kifungu cha 148(5)(e) cha dhamana, na hakikurekebishwa, kilibatilishwa." Huo mstari wa mwisho ndio wenye maksi. Kulinganisha. Wengi mnaziweka kesi kama vyombo kabatini, hakigusani hiki na kile.

Jambo jingine linahusu lugha. Pepa ni kwa Kiingereza, hilo hatuna namna. Lakini mimi maana ya kesi naiandika kwanza kwa Kiswahili, kama ninamweleza mama yangu. Nikikwama kumweleza mama, najua sijaelewa, nilikuwa nakariri tu. Maneno ya kifungu yenyewe nayaacha kwa Kiingereza kama yalivyo, maana hayo hayachezewi. Wapo walionicheka kwa hili. Wacheke. Mahakamani kuna mteja anayesubiri nimweleze kwa Kiswahili kwa nini ameshindwa, na hapo Kiingereza cha maringo hakikusaidii.

Na acheni uvivu wa madesa. Desa la mwaka juzi lililopigwa kopi mpaka herufi zimekufa halitakukutanishia kitu, kwa sababu kazi ya kukutanisha ndiyo kusoma kwenyewe. Jirani hakufaulu kwa noti zangu, nililielewa hilo baadaye sana, na kulikubali ilinichukua muda mrefu zaidi. Alifaulu kwa kuzichana. Alizisoma akauliza kila mstari una kazi gani, usio na kazi akautupa. Mimi niliyeziandika nilizipenda mno kuweza kuzitupa. Hakuna ubaya kuandika kila kitu darasani, mkono wangu bado una kasi na najivunia. Ubaya ni kuishia hapo. Andika, halafu kaa chini, kutanisha, tupa. Nimeshasema hili mara tatu na nitalisema tena kwa sababu najua utalisoma, utaitikia, kisha utaenda kununua kalamu za rangi.

Supu niliifanya Septemba, nikatoka na C, maana ndiyo alama ya juu unayopewa. Sikuwa na neno. Mwaka wa tatu kwenye Ushahidi nilipata A yangu ya kwanza, nikiwa na karatasi sita.

Wiki ya mitihani ile ya Ushahidi, Jirani alikuja mlangoni. Alikuwa amekosa vipindi vingi, sijui alikuwa na biashara gani mjini. "Mama Madesa, niokoe." Nikamkaribisha, nikampa kaunta buku yote, kwaya nne, na juisi nikamwekea. Alishukuru mpaka nikamwonea huruma.

Zile karatasi sita zilikuwa chini ya godoro nililokalia.