Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Uhandisi Chuo Kidogo, Inalipa?

Swali: Ndugu wahariri, nina stashahada ya uhandisi wa umeme na ni fundi sanifu kiwandani. Mkononi napata shilingi 500,000 kwa mwezi. Chuo kidogo cha binafsi kimenipa nafasi ya shahada, miaka 4, ada 2,200,000 kwa mwaka. Wazee wananihimiza niende. Je, inalipa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hongera kwa nafasi, ila usilipe chochote kwanza. Wengi hupiga hesabu ya ada peke yake: 2,200,000 mara 4 ni 8,800,000, wakaishia hapo. Kwa mtu aliye kazini, gharama kubwa ni mshahara anaouacha. Kwako ni 500,000 kwa miezi 48, yaani milioni 24. Chakula usikihesabu tena, maana hata ukibaki kazini ungekula; hesabu kinachoongezeka tu. Tuseme chumba, kompyuta mpakato, vifaa vya mradi wa mwaka wa mwisho na nauli za mafunzo kwa vitendo vinafika milioni 5. Jumla ni 37,800,000.

Sasa mapato. Ukihitimu ukapata kazi ya kukuachia 900,000 mkononi, nyongeza ni 400,000 kwa mwezi. Gawanya, utapata miezi 94 na nusu: karibu miaka 8 baada ya kuhitimu ndipo pesa yako imerudi. Nyongeza ikiwa 200,000 tu, ni karibu miaka 16. Hapo hatujaweka miezi ya kuzunguka na bahasha kutafuta kazi. Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, utakuondolea mzigo wa leo, lakini ukishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwa mshahara wa msingi wa 1,200,000 hiyo ni 180,000 kila mwezi.

Kwa maoni yetu, kuacha kazi ukasome kutwa kwa masharti haya ni ghali mno. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, omba ruhusa ya masomo yenye malipo, au tafuta chuo chenye masomo ya jioni. Ukibaki na hata nusu ya mshahara, gharama inashuka hadi 25,800,000 na muda wa kurudisha unakuwa miaka 5 na miezi michache. Uliza pia, na ujibiwe kwa maandishi, ni masomo gani ya stashahada yako yatatambuliwa. Kila muhula unaosamehewa ni ada ya muhula na mishahara ya miezi sita. Na kama lengo lako ni kipato zaidi kuliko cheo, angalia kwanza leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Stashahada na uzoefu ulio nao ni mtaji tayari.

Swali: Nitajuaje kama chuo kidogo ni cha kweli? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Anza na makaratasi. Fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, utafute jina la kozi yenyewe katika kampasi yenyewe. Chuo kuwamo hakutoshi. Kisha wasiliana na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, uulize kama wahitimu wa kozi hiyo husajiliwa kuwa wahandisi wahitimu. Ukikosa usajili huo, njia ya kuwa mhandisi mtaalamu imefungwa; na hata ukiupata, huko hufiki bila angalau miaka 3 ya kazi. Bila usajili, huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi.

Makaratasi yakiwa safi, nenda maabara. Nenda siku ya kazi, mwaka wa pili wakiwa kwenye vitendo, wala usikubali kutembezwa siku ya maonyesho. Osiloskopu, vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, zina probu zake, yaani nyaya za kupimia? Mota ya fezi tatu imeungwa kwenye umeme, au imefunikwa plastiki? Hesabu wanafunzi kwa kila meza: wakifika kumi, wawili watashika nyaya na wanane watanakili matokeo. Omba kuona daftari la vitendo la mwanafunzi yeyote. Vipimo vyake vikifanana na vya mwenzake hadi desimali ya mwisho, umeshapata jibu. Hapa chuo kidogo kinaweza kukishinda kikubwa, kwa sababu meza ya wanafunzi watatu inamlazimisha kila mmoja afunge saketi kwa mikono yake.

Swali: Binti yangu amepata Shahada ya Teknolojia ya Uhandisi wa Mitambo katika chuo kikuu kidogo hapa Kenya. Ni sawa na ya uhandisi? (Mzazi, Voi)

Jibu: La, mama, japo majina yanakaribiana. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Wanateknolojia husajiliwa na bodi yao ya usajili, KETRB, chini ya sheria ya 2016. Kama anataka kuitwa mhandisi, atafute jina la kozi na la chuo katika orodha ya EBK ya kozi zilizoidhinishwa kabla hamjalipa. Kama anapenda karakana na kazi ya mikono kwenye mashine, kozi aliyopata ni halali na ina kazi. Aingie tu akijua mlango gani anaufungua.