Mvuvi aliyeshinda kitandani

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili mkoani Tanga. Ninamhudumia mvuvi mwenye skizofrenia ambaye sauti alizokuwa akizisikia zimepungua tangu aanze dawa, lakini hushinda kitandani, na ndugu zake wanasema ubongo wake umekwisha kufa. Nimesoma kwamba ubongo hubadilika hata ukubwani. Je, hilo lanihusu vipi kazini?
Muuguzi, Tanga

JIBU: Dada yangu, waambie ndugu zake bila kusita kwamba ubongo huo haujafa. Miunganisho ya seli za neva huimarika inapotumika na hudhoofika inapoachwa, na huo ndio unyumbufu wa ubongo. Mwaka 2000, Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalotusaidia kukumbuka njia, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva wa teksi wa London kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kwa kadiri ya miaka waliyokaa kazini. Hao walikuwa watu wazima.

Basi mpatie mgonjwa wako wavu uliotoboka, uzi na sindano ya nyavu, ukihesabu vifaa kabla na baada. Siku ya kwanza akiziba tundu moja tu la wavu kisha akauweka chini, yatosha; kesho mpe wavu ule ule, saa ile ile, ukae kando yake, wala usimfungie fundo hata mikono yake ikisitasita, kwa sababu ubongo hujifunza zaidi kwa kile ambacho mwenyewe amekitenda. Hospitali ya Lutindi, kule Korogwe, imewashirikisha wagonjwa katika kazi za mikono kwa miaka mingi.

Dawa asiziache, maana sauti zikirudi hataweza kutulia na wavu. Usingizi wake ulindeni pia, kwani ndipo ubongo unapoimarisha kilichofunzwa mchana. Siahidi kwamba atarudi alivyokuwa. Ila jambo moja linanisikitisha sana katika wodi zetu: mgonjwa anayekemewa kila asubuhi naye anafundishwa, anafundishwa kuogopa, na msongo wa muda mrefu huidhuru hipokampasi hiyo hiyo tunayotaka kuisaidia.

Kabla hajaruhusiwa, mwite kaka yake aje akae nanyi siku mbili tatu aone mnavyofanya, kisha wavu huo waondoke nao.