Ferritini 85 Isikulaghai

Karatasi ya maabara inaonyesha ferritini, protini inayoakisi akiba ya chuma mwilini, ni 85, imo ndani ya kiwango, kwa hiyo unaambiwa chuma kinatosha. Kama una uzito uliopitiliza, usiikunje bado.

Mafuta mengi ya tumboni huuweka mwili kwenye mcharuko wa chinichini usiokoma, yaani kinga ya mwili inabaki imewaka. Ini nalo hujibu kwa kumwaga hepsidini, homoni inayokifungia chuma mlango: cha kwenye chakula hukwama kwenye seli za utumbo na kutoka na choo, na cha ghalani hakitoki. Ferritini hupanda kwa mcharuko huohuo, hata ghala likiwa limepungua. Mtu anahema kwenye ngazi, analaumu kilo zake, kumbe na upungufu wa chuma unachangia.

Pima pamoja ferritini, CRP (kipimo cha mcharuko) na asilimia ya transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, iliyobeba chuma. Hiyo ya tatu unaweza kuikokotoa mwenyewe: chuma cha kwenye seramu (majimaji ya damu) gawanya kwa TIBC (uwezo wote wa damu kubeba chuma), zidisha kwa 100. Chuma 7, TIBC 58, unapata 12. Ikiwa chini ya 20, CRP ipo juu na ferritini haifiki 100, hesabu kuwa chuma kimepungua. Halafu uliza kimeenda wapi. Hedhi nzito ni jibu la kawaida. Kwa mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, daktari achunguze kama kuna damu inayovuja tumboni kabla ya kuridhika na vidonge.

Kwenye vidonge soma kiasi cha chuma chenyewe. Feras salfeti ya miligramu 200 ina chuma kama 65 tu. Kimoja asubuhi, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa kawaida hufyonzwa vizuri kuliko kila siku, kwa kuwa dozi yenyewe huamsha hepsidini kwa takriban saa 24. Chai, kahawa na kalsiamu zikae mbali saa 2. Dawa ya tezi ya levothyroxine, saa 4.

Zinki ndiyo watu wanayojimiminia ovyo. Mwanamke anahitaji miligramu 8 kwa siku, mwanamume 11, na kikomo ni 40. Ukimeza 50 kwa miezi, seli za utumbo hutengeneza protini inayoinasa shaba isiingie kwenye damu. Matokeo yake ni upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, chembe nyeupe kushuka, na ganzi miguuni. Mwenye kisukari akipata ganzi hiyo, kila mtu anaitupia sukari. Kwa chakula, loweka maharage usiku kucha na umwage maji: faiteti inayozuia zinki na chuma hupungua.

Seleniamu, madini mengine, inatosha maikrogramu 55 kwa siku. Uchambuzi wa jaribio moja la Marekani, uliotoka 2007, ulikuta kisukari cha aina ya 2 kikiwapata zaidi waliomeza 200 kila siku kuliko waliopewa vidonge vitupu. Kromiamu ya kupunguza uzito? Tofauti kwenye mizani ni ndogo mno, usiisumbukie.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kuuruka utumbo wa mwanzo, chuma hufyonzwa zaidi palepale palipokwepwa. Anahitaji miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku, maisha yote, na kila miligramu 8 hadi 15 za zinki ziende na 1 ya shaba.